Ni gego au ni sainasi? Vipimo vya kufanya nyumbani kabla hujakaa kwenye kiti cha daktari wa meno

Kuna maumivu ya shavu yanayoingia Nairobi mwezi wa Juni pamoja na manyunyu na baridi ya asubuhi. Gego la juu linauma, shavu limekuwa zito, na ukibonyeza chini ya jicho unasikia. Wengi huanzia kwa kemisti wa mtaani: "Nipe kitu cha jino." Wanapewa vidonge vya kutuliza na antibiotiki za siku tatu, na wiki ikiisha wako palepale. Wengine wameng'olewa gego lisilo na ugonjwa wowote, halafu shavu likaendelea kuuma vilevile.

Wanaochanganya mambo haya si wajinga, maana miili yetu ndiyo iliyojengwa hivyo. Ndani ya kila shavu, kando ya pua na chini ya jicho, kuna uwazi ndani ya mfupa uliojaa hewa. Hiyo ndiyo sainasi ya shavu, kubwa kuliko sainasi zote za uso. Sakafu yake ni paa la magego ya juu, na kwa baadhi ya watu mfupa uliobaki kati ya mizizi ya magego na uwazi huo ni mwembamba kama ganda la yai. Neva zinazopeleka habari za meno ya juu hupita kwenye kuta za sainasi hiyohiyo. Utando wa ndani ukivimba kwa mafua, neva hizo husumbuliwa, nawe unahisi meno ndiyo yanayouma. Mambo huenda kinyume pia: jino likioza hadi kwenye mizizi, usaha wake unaweza kupenya juu na kuichafua sainasi. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ndilo linalowapotosha hata matabibu.

Vipimo vilivyo hapa chini havitakupa jina la ugonjwa kwa uhakika wa eksrei. Vitakuambia uanzie kwa nani na umweleze nini. Hilo peke yake linaokoa pesa nyingi, na pengine gego.

Kwanza, yasiyosubiri kupimwa

Usianze vipimo, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: jicho limevimba au limesukumwa nje, unaona vitu viwiviwili, homa kali pamoja na shingo iliyokakamaa, uvimbe umeshuka chini ya taya na kuelekea shingoni, huwezi kufungua mdomo vizuri, mate yanakudondoka kwa sababu kumeza kunakushinda, au unapumua kwa shida. Usaha wa jino au wa sainasi ukifika huko unaua watu. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112, lakini kama jirani ana gari, usikae kungoja.

Hatua ya 1: Juu au chini?

Kama jino linalouma liko taya la chini, sahau sainasi. Taya la chini halina sainasi. Nenda kwa daktari wa meno.

Kama ni juu, angalia ni wapi hasa. Sainasi ya shavu husumbua magego na yale meno yaliyo mbele yake kidogo, kwa kawaida matatu au manne kwa pamoja, bila wewe kuweza kusema kwa hakika ni lipi. Mwambie mtu wa nyumbani akuulize, "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Ukiweka ncha ya kidole juu ya jino moja bila kusita, hiyo ni dalili ya jino. Ukipakaza kiganja kizima shavuni, elekea zaidi upande wa sainasi. Sheria hii ina kasoro moja: neva ya ndani ya jino ikiwa ndiyo kwanza imewaka, maumivu husambaa hadi sikioni na kwenye meno mengine, na mgonjwa hushindwa kulitaja jino. Ndiyo maana hatuishii hapa.

Hatua ya 2: Nini kilianza?

Rudi nyuma kwa wiki mbili. Je, mafua yalitangulia? Pua iliziba, ukapenga kamasi nzito, harufu ya vitunguu jikoni ikapotea, kisha ndipo shavu likaanza kuuma? Mpangilio huo ni wa sainasi. Mtu mwenye mzio wa vumbi atajua kwamba Januari na Februari, jiji likikauka na vumbi la barabara za Eastlands likipanda, naye huanza hivyohivyo.

Lakini kama pua ni safi, unanusa kila kitu, na maumivu yalianza ulipouma mahindi choma au kijiwe ndani ya githeri, hapo shughulika na jino.

Rangi ya kamasi isikutishe sana. Kamasi ya kijani haimaanishi kwamba unahitaji antibiotiki. Mafua ya kawaida ya virusi nayo hugeuza rangi baada ya siku chache.

Hatua ya 3: Inama

Kaa kwenye kiti, inamisha kichwa hadi kati ya magoti kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, ukae hivyo kwa nusu dakika. Shavu likijaa, likawa zito na kupwita, na meno kadhaa yakauma kwa pamoja, sainasi inahusika. Kipimo kingine cha aina hiyo: simama kwa vidole vya miguu, kisha jiangushe kwa visigino. Mtikisiko huo huamsha maumivu ya sainasi.

Jino lenye jipu nalo hupwita ukiinama au ukilala chali, kwa sababu damu inaongezeka kichwani. Basi kipimo hiki peke yake kisikuamulie.

Wanaosafiri wana kipimo cha bure. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishuka kwa ndege kwenda Mombasa, au kwa gari kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ile iliyofungiwa ndani ya sainasi iliyoziba. Shavu linalochomwa hasa wakati wa kushuka, kisha likatulia taratibu mkiwa mmefika, mara nyingi ni sainasi. Jino lililooza au lenye kijazio kibovu (kile alichozibia daktari tundu) nalo linaweza kuuma angani, hasa ndege inapopaa.

Hatua ya 4: Kioo na tochi ya simu

Nawa mikono. Simama karibu na dirisha, vuta shavu kwa kidole, mulika. Unatafuta tundu jeusi au la kahawia, kijazio kilichovunjika, ufa, na ufizi uliovimba. Zaidi ya yote tafuta kipele kidogo kwenye ufizi juu ya mzizi, chenye kichwa cheupe au cha manjano, ambacho kikipasuka huacha ladha chafu mdomoni na maumivu yakapungua kwa siku kadhaa. Hicho ni kinywa cha jipu la jino. Sainasi haitoi kipele kwenye ufizi. Ukikiona, ruka hatua zilizobaki na utafute miadi ya meno.

Usipoona kitu, jino bado halijaondolewa lawama. Uozo mwingi hujificha kati ya jino na jino, na chini ya kijazio cha zamani.

Hatua ya 5: Kijiko, barafu na kitambaa

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie, kwa sababu vipimo hivi vitatu ndivyo daktari wa meno naye atakavyoanza navyo. Chukua muda wako, na kila kimoja anza upande usiouma, ili ujue jino zima la kwako linajisikiaje. Asiyefanya hivyo atashtuka na baridi ya kawaida na kusema amepata ugonjwa.

*Kijiko.* Shika kijiko cha chuma upande wa bakuli lake, na kwa mpini gonga jino kutoka juu ya sehemu ya kutafunia, polepole, moja baada ya jingine. Ukifika kwenye jino moja ukaruka, huku ya jirani yako kimya, jino hilo lina neno: pengine uambukizi umeshatoka kwenye ncha ya mzizi. Lakini kama magego matatu ya upande mmoja yote yanalalamika kwa kiasi kilekile, na hakuna linalozidi, sainasi iko juu yake inayasukuma.

*Barafu.* Funga kipande kwenye kitambaa safi. Asiye na friji anunue ile barafu ya rangi ya mfuko wanayouziwa watoto, itatosha. Gusa jino moja kwa wakati, karibu na ufizi, kwa sekunde chache. Jino zima husikia baridi kali inayopotea mara tu unapotoa barafu. Jino lililowaka huendelea kuuma baada ya barafu kutoka, nusu dakika, dakika nzima, wakati mwingine likipanda hadi kwenye panja. Jino lililokufa halisikii kitu kabisa, ila ukiligonga linauma. Sainasi haijali barafu.

Angalia pia chai. Mtu anayeruka kwa chai ya moto lakini akatulia akiweka maji baridi mdomoni ana jino ambalo neva yake inakufa. Hao ndio wanaolala na chupa ya maji kando ya kitanda. Asisubiri.

*Kitambaa.* Kunja pembe ya kitambaa safi iwe nene, uiweke juu ya jino moja, uma taratibu, kisha achia ghafla. Maumivu makali wakati wa kuachia, si wakati wa kuuma, huashiria jino lenye ufa. Nyufa hizi hazionekani kwa macho na mara nyingi hata eksrei haizioni, kwa hiyo mwambie daktari neno kwa neno: "Linauma nikiachia."

Hatua ya 6: Safisha pua, kisha uliza shavu

Chemsha maji, yachemke kwa dakika tatu kamili, yapoe hadi yawe vuguvugu. Kwa nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa. Ukiwa na soda ya kupikia, nusu kijiko hupunguza kuchoma. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au chupa ya kusafishia pua kutoka kwa kemisti, inamia sinki, pindisha kichwa kando, mimina tundu la juu, uache yatoke tundu la chini. Pumua kwa mdomo. Maji ya mfereji yasiyochemshwa usiyapeleke puani, hata kama ndiyo unayokunywa kila siku.

Penga taratibu, tundu moja moja. Subiri nusu saa. Shavu likiwa jepesi na meno yakanyamaza, umepata jibu zuri. Kama pua imefunguka kabisa lakini gego linauma vilevile, umepata jibu jingine.

Dawa za maumivu haziwezi kufanya kazi hii. Ibuprofen hutuliza jino na hutuliza sainasi; kwamba "imesaidia" hakukuambii chochote. Kama unaweza kuvumilia, fanya vipimo kabla hujameza.

Na kujifukiza? Mvuke unapunguza uzito wa pua kwa muda, sina ugomvi nao, ila sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watoto wengi mno. Maji ya chumvi yanafanya kazi bora bila hatari hiyo.

Kama majibu yanasema sainasi

Sainasi nyingi za ghafla ni za virusi na hupona zenyewe. Osha pua mara mbili au tatu kwa siku, kunywa vya moto, tuliza maumivu. Dawa za matone za kuzibua pua ni tamu kwa siku tatu. Ukizidisha siku tano, pua hujifunga tena kwa sababu ya dawa yenyewe, na utaanza kuitumikia.

Muone daktari kama siku 10 zimepita bila nafuu, kama ulianza kupona kisha ukaanguka upya kwa homa na maumivu zaidi, au kama tangu mwanzo umekaa siku tatu au nne na homa ya digrii 39 pamoja na usaha puani. Hapo ndipo bakteria hushukiwa, na hapo ndipo antibiotiki huwa na maana. Dalili zikidumu zaidi ya wiki 12, hiyo ni sainasi sugu, kazi ya daktari wa masikio, pua na koo.

Kama majibu yanasema jino

Antibiotiki haziponyi jino lililooza. Nalisema hivyo bila kulainisha, kwa sababu ndiyo dawa inayouzwa zaidi kwa jino kwenye maduka ya mitaani. Kilichooza kiko ndani ya jino, mahali ambapo dawa kupitia damu haifiki vizuri. Lazima mtu akisafishe kwa mkono, ama kwa kuziba, ama kwa kusafisha mizizi na kuijaza, ama kwa kung'oa.

Na jino lililokukesha siku tatu kisha likanyamaza ghafla halijapona. Neva imekufa. Usaha utafuata kwa wakati wake.

Ukisubiri miadi, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochokozwa na dawa hizi anaweza kumeza ibuprofen ya miligramu 400 baada ya kula, pamoja na paracetamol ya gramu 1. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Soma pakiti: vidonge vingi vya mchanganyiko vya dukani vina paracetamol ndani tayari, na watu hujikuta wameihesabu mara mbili. Mama mjamzito abaki na paracetamol na aulize kwanza. Tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba hutia ganzi kidogo, na Wazanzibari wamelijua hilo zamani. Aspirini usiiweke kwenye ufizi, inauunguza.

Kama majibu yanasema yote mawili

Hii ndiyo sehemu ninayotaka usiisahau. Sainasi ya mafua kwa kawaida hugusa pande zote mbili. Sainasi ya upande mmoja tu, yenye kamasi inayonuka vibaya au ladha ya uozo kooni, kwa mtu mzima aliyewahi kuzibwa, kusafishwa mizizi au kung'olewa gego la juu upande huohuo, inaweza kuwa imetoka kwenye jino. Na ajabu yake ni kwamba jino lenyewe linaweza lisiume kabisa, kwa kuwa limekufa na usaha umepata njia ya kutokea juu.

Mtu wa namna hii hupewa antibiotiki, akapata nafuu wiki mbili, ugonjwa ukarudi. Tena na tena. Matabibu wanatibu pua, jino limekaa pale linailisha. Omba vitu viwili: daktari wa meno apime kila gego la juu upande huo, na ukiambiwa eksrei ndogo haionyeshi kitu, uliza kama picha ya taya ya pande tatu (3D) inafaa. Jino na sainasi vitibiwe kwa mpango mmoja.

Kama si hili wala lile

Kichwa kinachouma upande mmoja na kichefuchefu, mwanga ukikukera, bila kamasi yoyote, huenda ni kipandauso. Wengi wanaosema "nina sainasi" miaka nenda miaka rudi wana hicho. Taya linalouma asubuhi karibu na sikio mara nyingi ni la mtu anayesaga meno usingizini. Mshtuko kama wa umeme wa sekunde chache, unaoamshwa na upepo wa dirisha la matatu au maji ya kunawia uso, ni wa neva, na kung'oa meno hakuutibu. Taya linalouma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, hasa likiambatana na kifua kubana au jasho, linaweza kuwa moyo. Huyo wa mwisho aende kwa dharura.

Nani wa kumwona, na umwambie nini

Ukiwa huna daktari wa meno wako, Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Barabara ya Argwings Kodhek, na wanafunzi wake hutibu chini ya walimu wao. Inachukua muda, lakini ndipo utakapopimwa kwa subira. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kitengo cha meno na cha masikio, pua na koo pia. Kwa kliniki za mitaani, hakikisha leseni ya mtu na ya kliniki kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kabla hujafungua mdomo.

Usiseme "daktari, jino linaniuma" ukanyamaza. Sema hivi: "Daktari, ni juu kulia, tangu Jumatatu. Nilikuwa na mafua wiki iliyopita. Barafu haisumbui, nikigonga magego matatu yanauma sawa, nikiinama linazidi." Kwa sentensi hizo umempa nusu ya uchunguzi. Akitaka kung'oa, muulize kwa heshima: "Ni lipi, na umejuaje kuwa ni hilo?" Daktari mzuri atakugongea, atakuwekea baridi, atakuonyesha picha. Wakati mwingine hutia ganzi jino moja: likifa ganzi na maumivu yakabaki, chanzo kiko kwingine.

Ikibidi gego la juu ling'olewe, kumbuka sakafu ya sainasi iko juu ya tundu hilo. Kwa wiki mbili usipenge kwa nguvu, piga chafya mdomo ukiwa wazi, usivute sigara wala kunywa kwa mrija. Chai ikikutokea puani, au ukihisi hewa inapita kati ya pua na tundu la jino, mpigie daktari wako siku hiyohiyo. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe. Kubwa hushonwa, na kushona mapema ni rahisi kuliko baada ya mwezi.